Amana ya Mfaume

Kozi ilitujia ndani ya maboksi manne, imeshapikwa na kupakuliwa. Ulikuwa mwaka 1995, na kituo chetu cha ufundi pale Mtoni kilikuwa kimefunguliwa miezi michache tu kabla, ndani ya ghala la zamani la korosho ambalo wafadhili walilipaka rangi nyeupe. Katika maboksi mlikuwa na vitabu kumi na viwili vya njano, kanda za video kumi na mbili, na karatasi moja ya masharti. Karatasi ilisema kozi ifundishwe kama ilivyo kwa wiki kumi na mbili, bila kupunguza wala kuongeza. Mimi ni Shomari, fundi umeme, na tangu nizaliwe sijawahi kula chakula cha mtu bila kukiongeza chumvi.

Vitabu vyenyewe si vibaya, lazima niseme haki. Michoro yake ilikuwa safi kuliko yote niliyowahi kuiona. Ila viliandikwa na watu wa mbali kwa ajili ya watu wa mbali. Chukua sura ya saba, inayohusu kutengeneza mashine. Unazima swichi kuu, unaitia kufuli, na ufunguo anabaki nao msaidizi wako mpaka aliyeko ndani ya mashine atoke. Kwenye kanda ya sura hiyo, bosi mmoja mwenye tai anakuja kuudai ufunguo kazi haijaisha. Kijana anamwambia hapana. Bosi anamshukuru, anampa mkono, kanda inaisha. Wanafunzi wangu walicheka mpaka wakashika mbavu, na mmoja akataka kujua bosi wa aina hiyo anapatikana mtaa gani.

Mimi sikucheka. Mwaka 1986 nilikuwa fundi katika kiwanda cha nguo, na siku moja msaidizi wangu Suleiman alikuwa ameingiza mkono ndani ya mashine wakati ufunguo ninao mimi mfukoni. Meneja akaja. Alikuwa mtu mzima, mtu aliyenisitiri nilipofiwa na baba yangu, hata sanda alinunua yeye. Akasema, Shomari, lete ufunguo, kazi imesimama. Nikampa. Kwa miaka mingi niliwaambia watu kwamba nilidhani Suleiman ameshatoka. Huo ni uongo. Sikudhani chochote, nilimpa kwa sababu aliomba. Suleiman alipoteza vidole vinne vya mkono wa kulia, taarifa ikaandikwa kuwa ni ajali, na mimi nikanyamaza kimya kama maji ya mtungini. Baadaye kiwanda kiliuzwa na sote tukapunguzwa kazi, lakini jambo lile halikunipungua hata kidogo.

Kwa hiyo nilipofika sura ya saba niliifunga ile kanda, nikaamua kwamba hakuna mwanafunzi wangu atakayepata cheti kabla sijamwona kwa macho yangu akimnyima mkubwa ufunguo. Masharti ya wafadhili niliyaweka kando. Nyuma ya ghala palikuwa na kibanda cha mabati, nikakigeuza kiwanda. Nilinunua gofu la mashine ya kusaga mahindi kutoka Kiwalani, nikazikata waya zake mwenyewe ili isije ikamdhuru mtu. Tukaweka ubao wa kazi, kengele ya kuingia na kutoka, ovaroli mbili za kupokezana. Swichi kuu pale kibandani ilikuwa ya kweli, maana ndiyo iliyopeleka umeme mpaka darasani. Kila asubuhi nilikuwa nikichomeka gunzi la hindi katika koo la mashine. Mwanafunzi mmoja anaingia kulitoa, mwenzake anashika ufunguo, na bosi anakuja.

Bosi wetu alikuwa Albano, mtunza stoo, Mnyamwezi wa Tabora aliyekaribia miaka sitini, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Nilimpa koti langu la harusi. Akilivaa tu anabadilika, kifua mbele, mikono nyuma, hata mimi nilikuwa namwogopa kidogo.

Siku ya kwanza, kati ya wanafunzi kumi na wanne, kumi na mmoja walitoa ufunguo. Wote walikuwa wameshaandika kwenye mtihani wa karatasi kwamba ufunguo hautolewi, na wote walipata alama nzuri. Lakini Albano alipotokea mlangoni, mdomo ulianza na shikamoo na mkono ukafuata wenyewe. Mmoja alimpa kisha akamwomba tafadhali asiwashe. Mwingine alimpa kisha akamkaribisha kiti. Nilifoka siku nzima mpaka sauti ikakauka, na kadiri nilivyofoka ndivyo walivyozidi kutoa, maana niliwafundisha kuogopa wakubwa na mimi mwenyewe nikiwa mkubwa wao.

Aliyenifurahisha alikuwa Mfaume, kijana wa Kizaramo kama mimi, mcheshi asiyejua kukaa kimya. Albano alipomdai ufunguo, Mfaume alimtazama juu mpaka chini. Akamwambia Mnyamwezi kazi yake kubeba mizigo, funguo aliziona wapi, na kwamba siku Albano atakayokufa, yeye Mfaume atakalia jeneza mpaka alipwe. Albano akamjibu kwamba Mzaramo akiachiwa ufunguo atautungia ngoma. Darasa zima lilianguka kwa kicheko. Nikapiga makofi, nikamwandikia alama zote. Nilikuwa nimeshafika nyumbani, nimeshanawa mikono nile, ndipo akili iliponirudia. Mfaume hakumnyima bosi. Alimnyima mtani wake, na mtani mtu humnyima hata maji ya kunywa bila kosa. Kazini atampata wapi meneja Mnyamwezi kila siku? Kesho yake nilimfutia zile alama, akanuna mpaka saa sita.

Tukaendelea hivyo kwa siku kumi. Mmoja mmoja walianza kuelewa, wengine kwa ukaidi, wengine kwa kunichoka. Mwishowe wakabaki wawili: Mfaume, ambaye hatukuwa na bosi wa kumjaribu naye asiyekuwa mtani, na Sekela.

Sekela alikuwa binti wa miaka ishirini na miwili kutoka Tukuyu, anaishi kwa shangazi yake Kiwalani. Kwa mikono hakuna aliyemfikia. Angeweza kufunga waya huku anaongea nawe na usione wapi alipoanzia. Lakini alilelewa akaleleka. Kila alipomsalimu mtu mzima alikunja magoti, na kila alipompa kitu alikitoa kwa mikono miwili. Mara nne Albano alimdai ufunguo, na mara zote nne Sekela alikunja magoti akautoa kwa mikono miwili, kama anayemkaribisha mgeni chai.

Nilikuwa nimeshapata habari kwamba hoteli moja kule Kunduchi imemkubali awe fundi msaidizi. Walimtaka aripoti Jumatatu na cheti mkononi, la sivyo wanachukua mwingine. Shangazi mtu alikuwa amekuja kunishukuru, kanikuta nimenuna. Nisingeweza kutia saini. Akilini nilimwona Sekela katika chumba cha mashine kule hotelini, ufunguo mkononi, meneja amesimama mlangoni, na mtu wa watu yuko ndani ya mashine. Halafu nilikuwa namwona Suleiman.

Alhamisi, baada ya mara ya nne, niliwatoa wenzake nje nikamkalisha.

Nilimwambia ukweli: bila kukataa, hakuna saini, na bila saini hakuna Kunduchi. Akalia kidogo, akajifuta kwa mkono wa ovaroli. Nikamuuliza kwa nini ananifanyia hivi wakati kila kitu kingine anakiweza.

"Mwalimu, mtu mzima akiniomba kitu kiko mkononi mwangu, nitamnyimaje?" akasema. "Labda kisiwe changu."

Nilitaka kufoka, kwa mazoea tu, lakini lile neno la mwisho lilinifunga mdomo. Nikamkumbuka mama yangu, Mungu amrehemu. Jirani yake alisafiri kwenda Kilwa akamwachia doti tatu za kanga mpya, akasema bibi, hii amana. Wiki hiyohiyo dada yake mama, mkubwa wake wa kumzaa kabisa, akaja kuazima doti moja ya kuendea harusini. Mama hakuwahi kumnyima dada yake kitu. Siku ile alimwambia kwa upole, dada, hizi ni amana. Na dada mtu hakununa wala hakurudia kuomba. Walikaa wakanywa uji, habari ikaisha.

Kitabu cha njano kilisema msaidizi ashike ufunguo. Hakikusema ufunguo wenyewe ni kitu gani. Kwa watu waliokiandika labda haikuhitajika kusema, lakini kwetu sisi kitu kilichoko mkononi mwako ni chako kukigawa, na mkubwa akikiomba ni haki yake kupewa. Isipokuwa amana. Amana hata baba yako mzazi haombi.

Basi nikabadilisha utaratibu palepale. Kuanzia kesho, anayeingia kwenye mashine atafunga kufuli kwa mkono wake mwenyewe. Atamkabidhi mwenzake ufunguo kwa mdomo wake, amwambie hii amana yangu. Mwenzake ataitikia, nimeipokea. Na haitatoka mkononi mwake ila kwa yule yule aliyeiweka. Nilimweleza Sekela, akanisikiliza kwa makini, akauliza swali moja tu, kama amana ya kazini ni sawa na amana ya nyumbani. Nikamwambia ni sawasawa. Kesho nitamjaribu kwa mara ya tano, na itakuwa ya mwisho.

Kesho yake ikaja na mgeni. Ofisi ya wafadhili pale mjini ilikuwa imesikia kwamba Mtoni kuna mwalimu anayechezesha wanafunzi maigizo, ikamtuma bwana Erasmus kukagua. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, suti ya kijivu, kalamu mbili mfukoni, mpole wa maneno lakini maneno yenyewe mazito. Alikaa kwenye kiti changu, akafungua jalada, akaanza kupiga alama. Sura ya kwanza imefundishwa? Kanda imeonyeshwa? Alipofika sura ya saba nikamwambia kanda tuliionyesha mara moja, tukaiacha, tukafanya kazi ya mikono. Akasema anataka kuiona kanda hiyo ikionyeshwa kwa darasa zima, sasa hivi, ndipo apige alama. Gari lake linaondoka saa tano kwenda kituo kingine. Sura isiyo na alama maana yake kozi haikufundishwa, na kozi isiyofundishwa haina vyeti, kwa mtu yeyote.

Ilikuwa saa nne na dakika arobaini. Mgawo wa umeme ulituhurumia siku hiyo, umeme ulikuwepo. Mfaume na Sekela walikuwa wameshaanza zoezi kule kibandani, na swichi kuu ilikuwa imezimwa na kutiwa kufuli. Kwa hiyo darasani televisheni ilikuwa imekufa na deki imekufa.

Tukaenda kibandani, mimi mbele, bwana Erasmus nyuma, wanafunzi nyuma yake. Mfaume alikuwa amelala chali chini ya mashine ya kusaga, mkono wa kulia umeingia kooni mwa mashine mpaka kwapani, anatafuta gunzi. Sekela alisimama kando ya swichi, mkono umefumbwa. Albano naye alikuwepo, kavaa koti langu, anasubiri zamu yake ya kuwa bosi. Alipomwona bosi wa kweli alirudi nyuma akajibanza ukutani.

Bwana Erasmus hakujua habari za zoezi wala hakutaka kuzijua. Alimwambia Sekela afungue swichi. Sekela akamsalimu, akakunja magoti kama kawaida yake, kisha akamwambia kwamba ufunguo ni amana, mwenyewe yuko ndani ya mashine. Bwana Erasmus akanigeukia, akauliza kama hiyo ndiyo elimu tunayotoa, ya mabinti kuwajibu wakaguzi. Akatazama saa. Akasema atahesabu dakika tano, kisha atafunga jalada.

Hapa sasa nataka nieleweke. Nilijua mashine ile haina waya. Nilizikata mwenyewe. Hakuna hatari yoyote, ni mchezo, na nje ya mchezo kuna vijana kumi na wanne waliosota wiki kumi na mbili, na vyeti vyao viko kwenye kalamu ya mtu huyu. Nilipiga hesabu hiyo haraka na nikaona jibu lake ni rahisi.

"Sekela, yaishe," nikasema. "Mpe mgeni funguo."

Hakusogea.

"Nisamehe mwalimu," akasema. "Si yangu."

Damu ikanipanda. Mbele ya mgeni, mbele ya darasa! Nilimsogelea nikanyoosha kiganja.

"Mie ndiye niliyekufundisha hilo neno. Sasa mie nakwambia toa."

Machozi yalikuwa yanamtoka wazi bila kuyafuta. Mkono ule uliofumbwa alikuwa ameubana kifuani kwa mkono wa pili. Alinitazama usoni, na hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuyaona macho yake vizuri, maana siku zote huyainamisha. Akasema kwa sauti ndogo kwamba hata nikimnyima cheti hatatoa. Akanipita. Akaenda kugonga bati la mashine kwa vidole, akamwita Mfaume atoke aje achukue amana yake.

Ilichukua muda Mfaume kutoka. Kwanza mkono, kisha kichwa, kisha mwenyewe, unga wa zamani umemjaa nyusi na nywele. Alikuwa anacheka. Alisema tumeigiza vizuri leo, hasa mwalimu, ule ukali ulikuwa kama wa kweli, yeye kule ndani alikuwa anajizuia kucheka mpaka tumbo linamuuma. Sekela alimkabidhi ufunguo, akamwambia amana yako hii. Mfaume akaupokea, akamkonyeza Albano, akamwambia bwana Erasmus asogee kidogo aone kitu. Akafungua kufuli, akasukuma swichi kuu juu.

Mashine ikanguruma. Haikusubiri mtu. Ilianza palepale, mkanda ukachapa, nyundo zake zikazunguka ndani kwa kishindo kilichotikisa mabati, na lile gunzi likatoka chini likiwa chenga. Kisha Albano alijirusha akazima swichi ya mashine yenyewe, na kibanda kikawa kimya.

Mfaume hakuwa anacheka tena. Alikuwa anautazama mkono wake wa kulia, anaugeuza mbele na nyuma.

Walieleza wote wawili kwa pamoja, wanakatizana. Albano ndiye aliyeanza. Alipoletewa stoo habari kwamba mgeni anakuja, aliona aibu mgeni wa mjini aonyeshwe gofu la mashine lisilozunguka. Kwetu mgeni haonyeshwi upungufu. Alhamisi jioni alimshawishi Mfaume wakaunga zile waya, nami nisijue, iwe zawadi kwangu. Ijumaa asubuhi waliijaribu, ikazunguka, wakafurahi, wakaizima kwa swichi kuu na kwenda kunywa chai. Swichi ya mashine yenyewe kila mmoja alidhani mwenzake ameizima.

Sikukaa, nilishuka tu mpaka chini na mgongo ukafuata ukuta. Mtu anayesema furaha haiumi hajaipata ya aina ile. Nilimwita Mfaume aje karibu, nikaushika ule mkono, nikavihesabu vidole kimoja kimoja kama mkunga, vitano, vyote vizima, vichafu, vina kucha ndefu. Nikasema alhamdulillahi mpaka sikujua nimesema mara ngapi. Kifua changu kilikuwa kimebana tangu 1986, na sikulijua hilo mpaka kilipoachia, pale sakafuni, mbele ya watoto na mkaguzi. Nililia bila haya.

Nilipopata sauti niliwaambia yote. Niliwaambia juu ya kiwanda, meneja, Suleiman na vidole vyake. Niliwaambia kwamba aliyetoa ufunguo siku ile ni mimi, na kwamba leo nimeutoa tena, kwa sababu kama ungekuwa mkononi mwangu ungekuwa umeshatoka. Nikamgeukia Sekela. Mimi mzee wa miaka hamsini na mbili nilimwomba msamaha mtoto wa kumzaa mwenyewe. Alikunja magoti, akainuka, akakunja tena.

Bwana Erasmus alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Aliomba maji, akaletewa, akanywa yote. Saa tano ilipita na dereva wake akapiga honi mara mbili, naye hakugeuka. Baadaye alifungua jalada, akaniuliza zoezi hili limechukua siku ngapi nje ya kozi. Nikamwambia kumi na moja. Akaandika. Akaniuliza liandikwe jina gani, maana kwenye orodha yake halipo. Nikamwambia aandike kiwanda. Akaandika hivyo, kisha akapiga alama kwenye sura ya saba bila kuiona kanda. Nami nikavuta daftari langu la alama, nikatia saini kwa Sekela, kwa wino, na mkono wangu ulikuwa mwepesi sijapata kuona.

Nilidhani mambo yameisha. Mfaume ndiye aliyeuliza, na sasa aliuliza bila mzaha, kama na mwalimu naye hatakiwi kufanya jaribio. Alikuwa na haki.

Basi tukazitoa zile waya, nikahakikisha kwa macho na kwa testa. Sekela alichukua daftari langu na kalamu. Mfaume akaingia tena chini ya mashine, baada ya kufunga kufuli na kunikabidhi ufunguo kwa mkono wake. Albano akajikohoza, akanyoosha kola ya koti, lakini Sekela akamzuia. Akasema kwa babu Albano haihesabiki, maana mimi Mzaramo ni mtani wake.

Tukawa hatuna bosi. Bwana Erasmus aliinuka kwenye ile ndoo, akafunga vifungo vya suti yake, akaenda nje ya mlango. Akaingia upya. Alinyoosha mkono, akaniita kwa jina langu kwa sauti ya upole, ile ile sauti ya watu waliotusitiri, akasema Shomari, lete ufunguo, kazi imesimama.

Nilimpa.

Darasa likaguna. Sekela akaandika kitu daftarini, akaniambia nirudie. Mara ya pili niliushika kidogo zaidi, lakini bwana Erasmus alisema tafadhali, na mkono ukaenda wenyewe. Sekela akaandika tena, na hakunionea huruma, wala mimi sikuitaka. Mara ya tatu, kabla mgeni hajaingia, Mfaume aliita kutoka chini ya mashine.

"Mzee Shomari," akasema, "mie nipo huku."

Bwana Erasmus akaingia, akanyoosha mkono, akaniita kwa jina langu. Nilimwangalia usoni. Nikamwambia shikamoo, ingawa umri wetu ni mmoja, kisha nikamwambia anisamehe, ufunguo ninao lakini si wangu, na mwenyewe akimtaka yuko pale. Alirudia mara mbili. Nami nikamjibu vilevile mara mbili.

Sekela alingoja mpaka Mfaume ametoka na amepewa amana yake. Ndipo akaandika, akanigeuzia daftari nione. Chini kabisa, baada ya majina kumi na manne, alikuwa ameandika la kumi na tano kwa mwandiko wake mzuri, Shomari, na mbele yake, amefaulu mara ya tatu.